Uyoga, Kumbikumbi na Afya ya Utumbo

Kila mwaka mvua za kwanza zinaponyesha Katumba, watoto huamka mapema. Hawaendi kisimani. Wanakwenda kwenye vichuguu. Usiku kumbikumbi wameruka, na mabawa yao yametapakaa mlangoni na chini ya taa. Siku chache baadaye uyoga huchomoza penye vichuguu na chini ya miti ya miombo. Akina mama huchukua vikapu na kuingia porini. Jioni kila nyumba inanukia uyoga na karanga.

Ndugu msomaji, pengine wewe pia umekula vyakula hivi tangu utoto wako. Umekula kwa sababu ni vitamu. Umekula pia kwa sababu wakati huo mahindi ya zamani yamekaribia kwisha, na mapya bado yako shambani. Lakini je, unajua kazi ya vyakula hivi ndani ya utumbo wako?

Leo tutajifunza jambo moja. Utumbo unahitaji nyuzinyuzi. Watu wengi hudhani nyuzinyuzi hutoka katika mimea tu, kama vile mboga, maharage na mahindi. Sivyo. Nyuzinyuzi hutoka pia katika uyoga na katika wadudu. Tena mtoto mchanga hupata chakula kinachofanya kazi kama hiyo katika maziwa ya mama yake. Ukijua jambo hili utakula vizuri zaidi. Utajua pia mambo ya hatari ya kuepuka.

NYUZINYUZI NI NINI?

Unapokula ugali na mboga, tumbo husaga chakula hicho. Mwili huchukua wanga, mafuta, protini na vitamini. Lakini kuna sehemu ya chakula ambayo mwili hauwezi kuisaga. Sehemu hiyo hupita katika utumbo mwembamba mpaka ikafika katika utumbo mpana. Sehemu hiyo ndiyo nyuzinyuzi. Wataalamu wengine huiita makapimlo.

Jina hilo la makapi lisikudanganye. Makapi ya mpunga tunayatupa. Makapi ya chakula yana kazi mbili kubwa ndani ya mwili.

Kazi ya kwanza ni kulainisha choo. Nyuzinyuzi hushika maji, na choo kinakuwa kingi na laini. Mtu asiyekula nyuzinyuzi hupata choo kigumu. Hukaa chooni muda mrefu akijikamua. Kujikamua kila siku kunaweza kuleta bawasiri, yaani mishipa iliyovimba penye njia ya haja kubwa. Ugonjwa huu una maumivu, na watu wengi huona haya kuusema.

Kazi ya pili haionekani kwa macho. Nyuzinyuzi ni chakula cha vijidudu wema wanaoishi katika utumbo mpana. Tuiangalie kazi hii kwa makini.

SHAMBA LILILOMO TUMBONI

Umewahi kuchimba kichuguu? Ndani yake utakuta vitu kama sifongo vyenye rangi ya kahawia. Hayo ndiyo mashamba ya mchwa. Mchwa hukata kuni na majani makavu, lakini hawawezi kuyasaga vizuri peke yao. Kwa hiyo huyatafuna, huyapeleka ndani ya kichuguu, na juu yake hukuza uyoga mdogo mdogo. Uyoga huo huozesha kuni, na mchwa hupata chakula. Mvua zinapokuja, uyoga huo huo hutoa shina refu likapenya udongo mpaka nje. Huo ndio uyoga wa kichuguu tunaoupika.

Basi mchwa ni mkulima. Hawezi kusaga kuni, lakini anamtunza yule anayeweza.

Sisi pia tuko hivyo. Katika utumbo mpana wa kila mtu wanaishi bakteria wengi sana wasiohesabika. Bakteria wengine huleta magonjwa, lakini wengi wa hawa ni rafiki zetu. Nyuzinyuzi tusizoweza kusaga, wao huzisaga. Wanapozisaga hutoa aina ya asidi ambayo hulisha ukuta wa ndani wa utumbo. Ukuta ulioshiba ni imara. Unazuia vijidudu wabaya wasipenye kuingia katika damu.

Ukila ugali mweupe na nyama tu, bakteria wako hukosa chakula. Wenye njaa hupungua. Wengine huanza kula ute unaolinda ukuta wa utumbo. Ni kama mkulima aliyeacha shamba lake bila mbolea.

DAKTARI WA MULAGO

Habari hizi za nyuzinyuzi zilivuma duniani kwa sababu ya watu wa vijiji vya Afrika.

Daktari mmoja mpasuaji, jina lake Denis Burkitt, alizaliwa Ireland. Alifanya kazi Uganda kuanzia mwaka 1946 hadi mwaka 1966. Miaka mingi alikuwa katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Huko aliona jambo la ajabu. Magonjwa mengi ya utumbo yaliyojaa katika hospitali za Uingereza yalikuwa haba kwa wanakijiji wa Uganda. Ugonjwa wa kidole tumbo ulikuwa haba. Bawasiri ilikuwa haba. Saratani ya utumbo mpana ilikuwa haba. Mwenzake, Daktari Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na Uganda, aliona hayo hayo.

Burkitt na wenzake wakaamua kupima. Walipima uzito wa choo cha watu. Walipima pia muda ambao chakula hukaa mwilini kabla ya kutoka. Mwaka 1972 walitangaza matokeo. Kwa wanakijiji wa Afrika chakula kilipita kwa muda wa siku moja na nusu hivi. Kwa Waingereza wengi kilichukua siku tatu au zaidi. Choo cha wanakijiji kilikuwa kingi na laini. Sababu ilikuwa chakula chao chenye nyuzinyuzi nyingi.

Wengine walimcheka daktari anayepima choo. Leo hawacheki tena. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale nyuzinyuzi zisizopungua gramu 25 kila siku.

Hapa kwetu Tanzania pia utafiti umefanyika. Mwaka 2025 matokeo ya utafiti uliofanyika mkoani Kilimanjaro yalitangazwa. Wanaume vijana 77 walishiriki. Baadhi yao, waliozoea vyakula vya kijijini, walipewa vyakula vya kizungu kwa majuma mawili. Wengine, waliozoea vyakula vya mjini, walipewa vyakula vya asili. Wale waliotoka kwenye vyakula vya asili walionyesha dalili za uvimbe katika damu, na kinga yao ikalegea. Majuma mawili tu yalitosha kuonyesha mabadiliko.

Ndugu msomaji, usidhani basi kwamba kwa kuwa unaishi kijijini umekwisha kuwa salama. Siku hizi mashine ya kukoboa iko karibu. Tunakoboa mahindi mpaka yanakuwa meupe. Pumba tunawapa kuku na nguruwe. Nyuzinyuzi zimekwenda na pumba. Wao wanapata choo laini, sisi tunabaki na sembe.

UYOGA SI MMEA

Sasa tuje kwenye nyuzinyuzi zisizotoka katika mimea. Tuanze na uyoga.

Watu wengi huuita uyoga mboga. Jikoni ni mboga kweli. Lakini wataalamu wanasema uyoga si mmea. Uangalie vizuri. Hauna majani. Hauna rangi ya kijani. Hauhitaji jua ili kujitengenezea chakula. Hula vitu vinavyooza, au hupata chakula kutoka kwenye mizizi ya miti. Tena, kitu kinachoshikilia mwili wa uyoga si kile kinachoshikilia jani la mchicha. Kinaitwa kitini. Kitini hicho hicho ndicho kilichomo katika gamba la panzi, la kumbikumbi na la kaa wa baharini. Kwa jambo hilo uyoga ni ndugu wa panzi kuliko wa mchicha!

Kitini ni nyuzinyuzi. Uyoga una pia nyuzinyuzi za aina nyingine ambazo ni laini, nazo hupendwa na bakteria wa utumbo. Ukila uyoga unalisha shamba lako la tumboni kwa chakula cha aina nyingine, tofauti na maharage na mboga. Bakteria hawapendi wote chakula kimoja. Ukila vyakula vya namna mbalimbali, bakteria wa namna mbalimbali wanastawi.

Lakini tuseme ukweli. Uyoga mbichi ni maji kwa sehemu kubwa. Katika gramu 100 za uyoga mbichi, karibu gramu 90 ni maji. Nyuzinyuzi ni gramu chache tu. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina zaidi ya gramu 10. Kwa hiyo uyoga hauwezi kuchukua nafasi ya maharage. Uyoga ni msaidizi mzuri. Ukiukausha maji yanatoka, nyuzinyuzi zinabaki. Kiganja cha uyoga mkavu kina nyuzinyuzi nyingi kuliko kiganja cha uyoga mbichi.

Mapishi nayo yana kazi. Kitini ni kigumu. Uyoga usioiva vizuri unaweza kuleta gesi na maumivu ya tumbo. Ukateni vipande vidogo. Upikeni mpaka uive kabisa. Mwambie mtoto atafune polepole.

GAMBA LA KUMBIKUMBI

Wadudu huliwa sehemu nyingi za dunia. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2013 kwamba aina zaidi ya 1900 za wadudu huliwa duniani. Ndugu zetu wa Bukoba wanajulikana kwa senene. Sisi wa Katavi tuna kumbikumbi.

Tunajua kwamba kumbikumbi wana mafuta na protini. Lakini wana pia gamba, na gamba hilo lina kitini. Zamani ilidhaniwa kwamba kitini hupita tu tumboni bila kazi. Siku hizi imejulikana kwamba tumbo la mtu lina kimeng'enya kinachoweza kuvunja kitini kidogo. Sehemu inayobaki hufika kwa bakteria.

Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walitangaza jaribio moja. Watu wazima 20 walikula unga wa nyenje wa kufugwa, gramu 25 kila siku, kwa majuma mawili. Unga huo haukuwadhuru. Aina moja ya bakteria wema iliongezeka zaidi ya mara tano katika utumbo wao. Watu 20 ni wachache, na nyenje si kumbikumbi. Hata hivyo jaribio hilo linaonyesha kwamba gamba la mdudu si takataka. Ni chakula cha wakazi wa utumbo.

Sasa sikia hatari yake. Gamba likizidi au likiwa gumu mno, linaweza kudhuru. Huko Kongo, tangu miaka ya 1940, imeandikwa kwamba watu waliokula panzi na nzige bila kuondoa miguu walifungwa utumbo. Miguu ya panzi ina miiba. Miiba hiyo ilishikana ndani ya utumbo ikaziba njia. Mgonjwa wa namna hiyo asipowahi hospitali anaweza kufa.

Kwa hiyo fuata desturi ya wazee. Ondoa mabawa. Ondoa miguu ya panzi na senene. Kaanga au choma mpaka waive. Usile kwa pupa bakuli zima peke yako. Usiokote panzi katika shamba lililopuliziwa dawa. Tena kuna watu ambao miili yao haipatani na kamba wa baharini au na wadudu. Wakila huvimba midomo au huwashwa mwili. Watu hao wasile kabisa.

CHAKULA CHA KWANZA CHA BAKTERIA

Mtoto mchanga hali uyoga wala kumbikumbi. Hali maharage. Je, bakteria wa utumbo wake wanakula nini?

Jibu lake ni la kushangaza. Katika maziwa ya mama mna sukari za aina ya pekee ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Ziko aina zaidi ya 150. Ukiondoa maji, sukari hizo ni kitu cha tatu kwa wingi katika maziwa ya mama. Kitu cha kwanza ni sukari ya kawaida ya maziwa, na cha pili ni mafuta. Maziwa ya ng'ombe yana sukari hizo kidogo sana.

Kwa nini mama atoe chakula ambacho mtoto hawezi kukisaga? Kwa sababu chakula hicho si cha mtoto. Ni cha bakteria wema wa utumbo wake. Wakikipata hustawi, na vijidudu wa kuhara hukosa nafasi. Sukari hizo pia huwadanganya vijidudu wabaya. Vijidudu hao huzishika wakidhani ni ukuta wa utumbo, kisha hutoka pamoja nazo katika choo.

Basi nyuzinyuzi za kwanza anazopata mtu katika maisha yake hazitoki shambani. Zinatoka kifuani kwa mama.

Kwa hiyo, mama, mpe mtoto ziwa mara anapozaliwa. Usikamue na kutupa maziwa yale ya manjano ya kwanza. Mpe maziwa yako peke yake mpaka atimize miezi 6. Usimpe maji, wala uji, wala maziwa ya ng'ombe. Baada ya miezi 6 mwanzishie vyakula vingine vilivyopondwa vizuri, huku ukiendelea kumnyonyesha mpaka miaka 2 au zaidi. Mama mwenye virusi vya Ukimwi afuate maelekezo ya kliniki na asiache dawa zake.

Na ninyi akina baba, jambo hili ni lenu pia. Mama anayenyonyesha anahitaji chakula cha kutosha na mapumziko. Usimpeleke kulima tangu alfajiri hadi jioni huku mtoto akibaki nyumbani na uji.

Tuongeze neno moja, kwa kuwa mkoa wetu una asali nyingi. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo. Asali inaweza kuwa na mbegu za kijidudu hatari. Utumbo wa mtu mzima huzishinda. Utumbo wa mtoto mchanga hauziwezi.

NYAMA JE?

Baadhi yenu mtauliza: Mbona nyama nayo ina nyuzi? Tunaziona zikinasa katika meno!

Nyuzi za nyama si nyuzinyuzi tunazozisema. Nyuzi za nyama ni protini. Tumbo huzisaga karibu zote, na kidogo sana hufika kwa bakteria. Nyama ni chakula kizuri cha kujenga mwili na damu, lakini hailainishi choo.

Wataalamu wamechunguza duma waliofugwa. Waliwapa sungura wazima, pamoja na manyoya, ngozi na gegedu. Vitu hivyo vilifanya katika utumbo wa duma kazi inayofanana na ya nyuzinyuzi. Lakini duma ni duma, na mtu ni mtu. Usile nyama tupu ukidhani gegedu zitatosha. Kula nyama pamoja na mboga, maharage na dona.

UYOGA NA UOGA

Wazee wa Katumba waliokimbia Burundi mwaka 1972 waliujua uyoga tangu kwao. Katumba ilipofunguliwa mwaka 1973 walikuta msitu wa miombo, na ndani yake uyoga wa aina nyingi. Wengi wao na watoto wao sasa ni raia wa Tanzania, kwani vyeti vya uraia vilianza kutolewa mwaka 2014. Ukiwauliza, watakuambia kwamba uyoga kwa Kirundi huitwa ubwoba. Tena neno ubwoba maana yake ni hofu. Kiswahili nacho kina uyoga, na kina uoga. Maneno hayo yanatufundisha jambo. Mpende uyoga, lakini umwogope pia.

Kuna uyoga wenye sumu inayoua. Sumu ya namna moja ni ya hila sana. Mtu hula jioni, akalala vizuri. Baada ya saa 6 au zaidi, pengine siku ya pili, huanza kutapika na kuharisha. Kisha hupata nafuu. Watu wa nyumbani hufurahi kwamba amepona. Kumbe sumu inaendelea kuharibu ini. Siku chache baadaye macho yanakuwa manjano, na mgonjwa hufa.

Watu wana njia nyingi za kupima uyoga. Wengine hutia sarafu au kitunguu katika chungu wakingoja rangi ibadilike. Wengine husema uyoga ulioliwa na wadudu au konokono ni salama. Wengine husema ukichemsha sana sumu inatoka. Njia hizo zote ni za uongo! Usizitegemee.

Njia ya kweli ni moja. Chuma uyoga unaoujua kwa jina, kwa sura, na kwa mahali unapoota. Jifunze kwa mtu mzima aliyeula miaka mingi. Uking'oa, ng'oa mpaka shina la chini, ili uuone wote. Ukiwa na shaka, uache. Watoto wasichume peke yao. Mgeni aliyetoka mkoa mwingine asiseme "kwetu tunaula". Uyoga wa kwao na wa hapa huenda ukafanana kwa sura tu.

Mtu akiugua baada ya kula uyoga, usingoje. Mpeleke kituo cha afya mara moja, hata kama amepata nafuu. Chukua na mabaki ya uyoga huo ili mganga auone. Waliokula naye wapelekwe pia.

Elimu ya wazee wetu kuhusu uyoga ni mali. Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Ufini, pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa kitabu cha uyoga wa Tanzania mwaka 2003. Mengi waliyoandika waliyajifunza kwa wanakijiji. Ikiwa wataalamu walikaa chini kuwasikiliza akina mama wa vijijini, kijana wa Katumba anashindwa nini kumsikiliza bibi yake?

UKIKATA MTI UMEKATA UYOGA

Kuna uyoga unaoishi pamoja na mizizi ya miti ya miombo, kama mtundu. Mti huupa uyoga sukari, na uyoga huusaidia mti kupata maji na rutuba. Ukiukata mti, uyoga huo nao hufa. Hauwezi kuupanda shambani kama mchicha. Vilevile uyoga wa kichuguu hauoti bila mchwa wake.

Tunahitaji mashamba. Tunahitaji kuni, na mkulima wa tumbaku anahitaji kuni nyingi za kukaushia. Lakini tukimaliza msitu tumemaliza pia chakula cha bure cha miezi ya njaa. Tupande miti ya kuni. Tuache sehemu ya miombo isimame. Vichuguu vilivyo mbali na nyumba tusivibomoe vyote.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Hapa kuna mambo ambayo kila nyumba inaweza kuyafanya bila fedha nyingi.

1. Saga dona. Kama familia haijazoea, changanya nusu dona na nusu sembe. Ongeza dona polepole.

2. Kula maharage, kunde au karanga kila siku ukiweza, pamoja na mboga za majani na matunda kama embe na papai.

3. Msimu wa mvua, ongeza uyoga unaoujua na kumbikumbi walioiva. Kausha mwingine kwa ajili ya kiangazi. Uanike juu ya kichanja safi, usiuanike chini. Ukikauka uweke katika chombo kikavu chenye kifuniko. Uyoga wenye ukungu au harufu mbaya utupe.

4. Kunywa maji safi na salama kwa wingi. Nyuzinyuzi bila maji huweza kufunga choo badala ya kukifungua.

5. Usiongeze nyuzinyuzi nyingi kwa siku moja. Tumbo litajaa gesi. Ongeza kidogo kidogo kwa majuma mawili au matatu.

6. Ukiona damu katika choo, au choo kimebadilika kwa majuma mengi, au unakonda bila sababu, nenda zahanati. Vilevile ukivimba tumbo, ukatapika, na huwezi kutoa choo wala hewa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usijitie dawa za kuharisha. Usione haya. Mganga haoni haya kukusikiliza.

Mwaka ule ule wa 1973 Katumba ilipofunguliwa, nchi yetu iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Walielewa kwamba afya inaanzia nyumbani kwa mtu mwenyewe. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya "Chakula ni Uhai". Leo tuunganishe mafunzo hayo mawili. Wazazi wetu walichimba vyoo. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba aingiaye chooni anatoka bila maumivu.

Mvua zikinyesha tena, usimcheke jirani anayepita na kikapu cha uyoga. Usiseme anakula chakula cha maskini. Mwulize ameuchuma wapi, na unaitwaje. Kisha nenda naye.

MANENO YA KUKUMBUKA

Nyuzinyuzi: sehemu ya chakula ambayo mwili hausagi, lakini inasaidia utumbo.

Bakteria: vijidudu wasioonekana kwa macho. Wako wema na wabaya.

Kitini: kitu kigumu kilichomo katika uyoga na katika gamba la wadudu.

Bawasiri: mishipa iliyovimba penye njia ya haja kubwa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Nyuzinyuzi zina kazi gani mbili katika utumbo?

2. Mchwa na bakteria wa utumbo wanafanana kwa jambo gani?

3. Kwa nini tuondoe miguu ya panzi kabla ya kumla?

4. Kwa nini mtoto asipewe maji wala uji kabla ya miezi 6?

5. Katika kitongoji chenu, nani anaujua uyoga vizuri zaidi? Mtafanyaje ili vijana wajifunze kwake kabla hajafariki?